Jina juu ya karatasi: nani hasa alitunga muziki wa kinanda wa Bach?

Tarehe 17 Novemba 2025, ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, Ujerumani, mpiga kinanda Ton Koopman alipiga vipande viwili vilivyokuwa vimelala kwenye karatasi kwa takriban miaka 320. Vyote viwili ni chakona, kimoja cha D maina na kingine cha G maina (maina ni ngazi ya sauti yenye huzuni, tofauti na meja iliyo changamfu). Siku hiyohiyo vilitangazwa kuwa kazi za ujanani za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, vikapewa namba katika orodha ya kazi zake, BWV 1178 na BWV 1179. Hati yenyewe iko Brussels, katika Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji. Haina tarehe, haina sahihi, na mwandiko wake si wa Bach.

Habari hii iliwachanganya wengi, na hawana kosa. Karatasi isiyo na jina imepata mwenyewe. Lakini ile Tokata na Fuga ya D maina, BWV 565, ambayo hata asiyejua lolote kuhusu vinanda ameshaisikia kwenye filamu za kutisha, ina jina la Bach juu kabisa, na bado kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu wanabishana kama kweli ni yake. Inakuwaje asiye na jina apewe, na mwenye jina aulizwe?

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba jina lililo juu ya nota ni taarifa tu. Kuna mtu aliyeliandika, wakati fulani, akiwa karibu na mtunzi au mbali naye. Mtafiti anamtafuta mtu huyo na kumhoji, hata kama amekufa karne tatu zilizopita. Akionekana shahidi wa kuaminika, jina linasimama. Akionekana alisikia kwa aliyesikia kwa mwingine, jina linabaki kwenye mizani.

Maneno ya kuanzia

Baroki ni jina la kipindi cha muziki wa Ulaya kinachohesabiwa takriban kuanzia 1600 hadi 1750, mwaka aliofariki Bach. Sehemu ya mwisho ya kipindi hicho, tuseme kuanzia miaka ya 1680, ndiyo baroki ya mwisho, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Kinanda tunachokitaja ni kile cha mabomba. Hewa inasukumwa ndani ya mabomba ya bati na mbao, mpigaji ana kibodi mbili au zaidi za mikono, na chini ana pedali, yaani kibodi ya miguu inayobeba besi. Tokata ni kipande cha kuonyesha wepesi wa vidole. Chakona hujengwa juu ya besi fupi inayorudiwarudiwa huku sauti za juu zikibadilika. Fuga ni mazungumzo ya sauti: moja inatoa wazo, yaani mada, ya pili inaingia na wazo hilohilo kwenye daraja jingine, kisha ya tatu, bila yeyote kunyamazishwa. Aliyeimba kwaya ya sauti nne ambapo sauti ya tenori inaanza peke yake na wengine wanafuata mmoja mmoja tayari ameionja.

Kuna aina mbili za karatasi za kutofautisha. Hati ya mtunzi ni ile aliyoiandika mtunzi kwa mkono wake mwenyewe. Nakala ni ile iliyoandikwa na mtu mwingine, naye tutamwita mnakili. Kunasibisha kazi ni kusema, kwa ushahidi uliopo, kwamba kazi hii inatoka kwa mtunzi fulani, kama vile ukoo unavyomtambua mtoto.

Hati za mtunzi zilikwenda wapi

Wengi hudhani mtunzi mkubwa kama Bach lazima aliacha kabati la kazi zake zote kwa mwandiko wake. Kwa muziki wa kinanda mambo hayakuwa hivyo. Kuchapisha nota kulihitaji kuchonga sahani za shaba, gharama ambayo mpiga kinanda wa kawaida hakuimudu, na soko lilikuwa dogo. Bach alichapisha kazi chache tu za kinanda maishani mwake. Mkusanyiko mkubwa kuliko yote, sehemu ya tatu ya Clavier-Übung, ulitoka mwaka 1739, yeye akiwa na miaka 54. Kazi nyingine chache tunazo kwa mwandiko wake, kama Orgelbüchlein, yaani kijitabu cha kinanda, na zile sonata sita za sauti tatu. Sehemu kubwa ya tokata, utangulizi (vipande vya kufungulia) na fuga za ujana wake imetufikia kwa nakala za wengine.

Nakala zilikuwa nyingi kwa sababu kunakili ndiko kulikokuwa shule yenyewe. Mwanafunzi alikaa na kalamu ya unyoya, akanakili kazi ya mwalimu nota kwa nota, na kwa kunakili akajifunza namna sauti zinavyopishana. Kisha aliondoka na daftari lake hadi mji mwingine, naye akapata wanafunzi walionakili kutoka kwake. Bach alipofariki, karatasi zilizokuwa nyumbani ziligawanywa kwa warithi; nyingine zilitunzwa, nyingine ziliuzwa, nyingine hazijulikani zilikoishia.

Mwalimu yeyote wa kwaya hapa kwetu anaujua mkondo huu. Wimbo unatungwa parokia moja, unatolewa kopi, kopi inatolewa kopi, na siku moja mashine inakata sentimita mbili za juu, palepale palipoandikwa jina la mtunzi. Kwaya ya mji wa tatu inaupokea bila jina. Mtu mwenye nia njema anaandika kwa peni jina la mwalimu aliyewaletea, na baada ya miaka kumi mwalimu huyo ndiye anayetajwa kuwa mtunzi. Hakuna aliyeiba.

Ukoo wa Bach wenyewe uliongeza utata. Katika Thuringia, eneo la Ujerumani alikozaliwa Bach, walikuwamo wanamuziki wengi wa jina hilo kwa vizazi kadhaa: Johann Christoph, Johann Michael, Johann Bernhard, Johann Ludwig na wengineo. Mnakili akiandika tu kwamba kazi ni ya Bwana Bach, ni Bach yupi? BWV 751 iliwahi kuhesabiwa kuwa ya Johann Sebastian, lakini katika mkusanyiko wa Neumeister, ulio Chuo Kikuu cha Yale, imeandikwa jina la Johann Michael Bach, baba wa mke wa kwanza wa Johann Sebastian.

Mwandiko wa Bach si uthibitisho kwamba alitunga

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba tukipata karatasi yenye mwandiko wa Bach, kesi imekwisha. Ukweli ni kwamba hapo ndipo maswali yanapoanza. Mwaka 2006 zilitangazwa karatasi zilizopatikana katika maktaba ya Anna Amalia mjini Weimar. Mwandiko ni wa Bach mwenyewe akiwa kijana. Mojawapo aliimaliza Lüneburg mwaka 1700, akiwa na miaka 15 hivi. Muziki uliomo si wake: kimoja ni cha Dieterich Buxtehude, kingine cha Johann Adam Reincken, wapiga kinanda wa kizazi kilichomtangulia. Alikuwa mwanafunzi anayenakili, kama wengine wote.

Kesi inayofundisha zaidi ni BWV 596, konseto ya kinanda ya D maina. Hati ni ya mwandiko wa Johann Sebastian, ya kipindi alichofanya kazi mjini Weimar. Juu yake mwanawe, Wilhelm Friedemann, aliandika baadaye kwamba kazi hii ni ya W. F. Bach, imenakiliwa kwa mkono wa baba yangu. Mwaka 1844 ikachapishwa kwa jina la mwana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipobainika kwamba si ya mwana, na kwa maana ya kutunga mada zake si ya baba pia: ni konseto ya Mwitalia Antonio Vivaldi, namba 11 katika mkusanyiko wake uitwao Opus 3, uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711, ambayo Johann Sebastian aliihamisha kutoka ala za nyuzi kwenda kwenye kinanda. Wilhelm Friedemann alizaliwa 1710. Baba yake alipokuwa akiandika karatasi ile, yeye alikuwa mtoto mdogo.

Karatasi moja basi, na majina matatu: aliyebuni, aliyehamisha na aliyejiandika. Ndiyo maana swali la nani alitunga mara nyingi ni maswali mawili au matatu yaliyofungwa fundo moja, na mtafiti mzuri huanza kwa kulifungua fundo.

Karatasi inavyohojiwa

Kabla ya kusikiliza muziki, mtafiti anaishika karatasi yenyewe. Shika noti ya shilingi kwenye mwanga na utaona picha iliyojificha ndani yake. Karatasi za karne ya 18 zilikuwa na alama ya maji kama hiyo. Fundi alichota rojo ya matambara kwa kalibu ya nyaya, na juu ya nyaya hizo palishonwa umbo la waya: nembo, herufi, mnyama. Pale penye umbo rojo ilitulia nyembamba, ndiyo maana mwanga hupita. Kalibu ilichakaa na kubadilishwa, umbo likapinda kidogo kila mara, na karatasi haikukaa ghalani muda mrefu kabla ya kutumika. Mtafiti akikuta alama ileile, yenye kupinda kulekule, kwenye barua ya halmashauri ya mji au daftari la ubatizo lenye tarehe, ameshapata kipindi cha miaka michache. Hilo halimwambii nani alitunga. Linamwambia ni lini karatasi ilikuwa mezani, na linafuta majina ya waliokuwa hawajazaliwa.

Kisha mwandiko. Haangalii uzuri wa jumla, anaangalia vitu vidogo ambavyo mkono huvifanya bila kufikiri: ufunguo wa C ulivyokunjwa, alama ya kunyamaza, mkia wa nota unashuka kulia au kushoto mwa kichwa, herufi za kichwa cha habari. Mwandiko hubadilika kwa umri, hivyo karatasi mbili za mtu mmoja huweza kupangwa ipi ilitangulia. Tatizo linalojitokeza mara nyingi ni kwamba wanafunzi na wanafamilia huiga mkono wa bwana. Mwandiko wa Anna Magdalena, mke wa pili wa Bach, ulifanana na wa mumewe kiasi cha kuwapoteza watu kwa muda mrefu.

Hapo ndipo hati ya Brussels ilipofunguka. Mtafiti Peter Wollny, ambaye sasa ni mkurugenzi wa Bach-Archiv mjini Leipzig, aliikuta mapema miaka ya 1990. Muziki ulimvutia, lakini hakujua mkono ule ni wa nani, na bila kumjua mnakili hakuwa na shahidi. Miaka ilipita kabla ya nyaraka nyingine za mkono huohuo kupatikana Thuringia, ikiwamo barua ya kuomba kazi ya mpiga kinanda ambamo mwandishi, Salomon Günther John, anaeleza kwamba alifundishwa na Bach mjini Arnstadt. Bach alikuwa mpiga kinanda huko kuanzia 1703 hadi 1707. Ghafla karatasi isiyo na jina ilikuwa na anuani: imeandikwa na mwanafunzi wa Bach, karibu mwaka 1705, katika mazingira ya Bach.

Ushahidi huo peke yake hautoshi, kwa maana mwanafunzi huweza kunakili muziki wa yeyote. Hatua ya mwisho ilikuwa kuusoma muziki na kuona namna besi inayorudiwa inavyoshughulikiwa, hadi kupanuliwa kuwa fuga, na kuuliza ni nani mwingine wa wakati ule na eneo lile aliyeandika hivyo. Mtu anaweza kukataa hitimisho la mwisho. Lakini mnyororo upo wazi, kila pete yake inaweza kuvutwa na kupimwa, na kwangu hiyo ni sababu ya kuuheshimu.

Makosa yanayosema ukweli

Mwalimu akisahihisha mtihani akakuta wanafunzi wawili wameandika jibu sahihi lilelile, hana cha kushuku. Akikuta wote wawili wamekosea swali la saba kwa kosa lilelile la ajabu, anajua mmoja alimwangalizia mwenzake, au wote waliangalizia kwa mtu wa tatu. Nakala za nota hupangwa kwa kanuni hiyohiyo. Nakala tatu zinazoruka mstari uleule zina mzazi mmoja. Nakala ya nne isiyoruka mstari huo imetoka tawi jingine, na hata kama ni ya miaka ya baadaye, ushahidi wake huwa wa kujitegemea.

Kosa moja linahitaji kuelezwa kwa ukaribu, kwa sababu hutokea sana kwenye muziki wa kinanda. Wapiga kinanda wa Ujerumani waliweza kuandika muziki kwa herufi badala ya mistari mitano, mfumo uliookoa nafasi ya karatasi. Oktava ya nota, yaani kama ni ya juu au ya chini kati ya nota zenye herufi ileile, ilionyeshwa kwa kistari kidogo juu ya herufi. Mnakili akihamisha kwenda mistari mitano usiku, kwa mshumaa, kistari kimoja kikimponyoka, nota inashuka oktava nzima. Matokeo yake ni sauti inayoruka pasipo sababu, na msikilizaji wa leo anasema Bach hawezi kuandika hivyo. Huenda kweli hakuandika. Huenda ni yeye aliyetunga, na aliyekosea ni mnakili. Kabla ya kumnyang'anya mtunzi kazi kwa sababu ya ubovu, inabidi kuuliza ubovu umeingia hatua gani.

Hata ala yenyewe huhojiwa. Pedali za vinanda vingi vya eneo lile zilifika D ya juu au karibu yake. Tokata ya F meja, BWV 540, inadai pedali hadi F, na vinanda vyenye nota hiyo vilikuwa vichache. Cha ikulu ya Weissenfels kilikuwa nayo. Kwa kipimo hicho kazi hufungwa kwenye ala, na ala kwenye mji, na mji kwenye miaka ambayo mtunzi alifika huko.

Tokata ya D maina

Turudi kwenye kesi inayouma. Hakuna hati ya mtunzi ya BWV 565. Shahidi wa zamani kuliko wote ni nakala iliyo Maktaba ya Taifa ya Berlin, ambayo kichwa chake kinasema ni ya J. S. Bach na kwamba aliyeinakili ni Johannes Ringk. Ringk alizaliwa 1717 na alifundishwa na Johann Peter Kellner, mpiga kinanda wa Gräfenroda aliyekusanya kwa bidii kazi za Bach. Shahidi huyu si wa kupuuzwa. Kantata (kazi ya kuimbwa na ala) ya harusi BWV 202, ambayo hakuna anayeitilia shaka, imetufikia kwa mkono wa Ringk huyuhuyu, katika nakala ya mwaka 1730, akiwa na miaka 12 au 13.

Kama shahidi ni mzuri, shaka imetoka wapi? Imetoka ndani ya muziki. Mwaka 1981 mtaalamu wa vinanda Peter Williams aliandika makala akiuliza kama kipande hiki ni cha Bach, au hata kama kilitungwa kwa ajili ya kinanda. Tazama mambo aliyoyaona yeye na waliomfuata. Mwanzo mzima mikono miwili inacheza nota zilezile, moja oktava moja chini ya nyingine, jambo ambalo katika kazi nyingine za Bach za kinanda halipatikani kwa namna hiyo. Katika fuga, sauti ya pili kwa kawaida hujibu kwenye daraja la tano. Hapa inajibu kwenye la nne. Mahali fulani pedali inatoa mada ikiwa peke yake kabisa, sauti zote nyingine zimenyamaza, kama mtu anayeongea kwenye chumba kitupu. Na mwisho unatoka akodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya G maina kwenda D maina, unafunga kwa huzuni, wakati desturi ilikuwa mara nyingi kuinua akodi ya mwisho iwe meja.

Halafu kuna mada yenyewe ya fuga. Kila nota mbili, nota ya A inarudi, inarudi, inarudi. Kwenye kinanda ni kazi ya kidole kimoja kinachogonga palepale. Kwenye fidla ni ujanja wa kawaida: waya mmoja unaachwa wazi uendelee kulia huku vidole vikitembea kwenye waya wa jirani. Kwa hiyo Williams alipendekeza kwamba huenda asili yake ni kipande cha fidla peke yake, ambacho mtu fulani alikihamishia kwenye kinanda. Wengine wamekwenda mbali zaidi na kutaja jina la Kellner kuwa mtunzi. Mwaka 1995 mtafiti Rolf Dietrich Claus alitoa kitabu kizima cha kukataa kwamba ni ya Bach.

Upande wa pili una jibu, na ni jibu lenye uzito. Christoph Wolff, mtaalamu wa Bach, anasema hii ni kazi ya kijana mdogo ambaye bado hajawa yule Bach tunayemfahamu. Zile oktava za mwanzo anazieleza kwa ala: bomba la futi 16, karibu mita 5, hulia oktava moja chini ya bomba la kawaida la futi 8. Kinanda cha Arnstadt hakikuwa na futi 16 kwenye kibodi ya mikono. Mpigaji anayetaka uzito huo na hana bomba lake afanyeje? Anaongeza oktava kwa mkono wake mwenyewe.

Ushahidi wa karatasi uko upande wa Bach, na mwenye kukataa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mimi naona mzigo huo haujafikishwa. Lakini mambo ya ndani ya fuga, hasa ile pedali iliyo peke yake, hayaelezwi na oktava za Arnstadt, na anayedai kwamba hakuna tatizo hajaifungua nota na kuitazama.

Mitego ya sikio na ya kompyuta

Kuhukumu kwa mtindo kuna mtego ambao hata mabingwa huuingia. Tunasema kipande hiki ni cha kijana Bach kwa sababu kinafanana na kijana Bach. Lakini picha ya kijana Bach tumeijenga kwa vipande kama hiki. Ukiingiza BWV 565, kijana huyo anakuwa jasiri, mpenda ngurumo. Ukiiondoa, anakuwa mtulivu zaidi, na kipande kijacho utakipima kwa kijana mwingine. Mtego wa pili ni wa ubora: kizuri tunampa Bach, dhaifu tunampa mwanafunzi. Johann Ludwig Krebs, mwanafunzi wake kweli, aliandika vizuri sana, na kila mtunzi ana siku zake mbaya.

Kompyuta nayo husaidia kwa kuhesabu: umbali kati ya nota, sauti ngapi zinalia kwa wakati mmoja. Inahitaji vitu viwili ambavyo mara nyingi havipo, yaani kipande kirefu cha kutosha, na kazi za kutosha zilizo na uhakika za kila anayeshukiwa. Kama mshukiwa aliacha fuga tatu tu, hesabu haina cha kulinganisha. Na kama mnakili alibadilisha nota, kompyuta itamhesabu mnakili.

Namba ya BWV haimpi mtu umiliki

BWV ni kifupi cha orodha ya kazi za Bach iliyochapishwa na Wolfgang Schmieder mwaka 1950. Imepangwa kwa aina za muziki, haikupangwa kwa tarehe wala kwa uhakika. Kazi ikishapewa namba huendelea kuitwa kwa namba hiyo hata shaka ikija baadaye, kwa sababu kuibadilisha kungevuruga vitabu vyote. Kuna viambatisho vya kazi zenye shaka na zilizokataliwa, lakini katika orodha kuu pia kumo kazi za watu wengine. BWV 692 na 693 ni za Johann Gottfried Walther, jamaa wa Bach upande wa mama aliyefanya kazi Weimar.

Wanaojifunza pedali watakutana na utangulizi na fuga ndogo nane, BWV 553 hadi 560. Zimefundisha vizazi vya wapiga kinanda, kwa kuwa miguu haikimbizwi na kila fuga ni fupi. Uhakika kwamba ni za Bach ni mdogo. Johann Tobias Krebs na mwanawe Johann Ludwig wametajwa mara nyingi, bila ushahidi wa kufunga mjadala. Wewe mwanafunzi usiziache kwa sababu hiyo. Mguu wako haujui jina la mtunzi, unachojifunza ni kisigino na kidole.

Kuna kesi moja ambapo kosa la jina lina gharama ya fedha. Ile Adajo ya G maina ya ala za nyuzi na kinanda, inayopigwa sana misibani ikiitwa ya Albinoni, mtunzi wa Italia wa wakati wa Bach, ilichapishwa mwaka 1958 na Remo Giazotto, mtafiti wa Italia, aliyesema ameijenga juu ya kipande kidogo cha hati ya Albinoni kutoka maktaba ya Dresden. Kipande hicho hakijawahi kuwekwa hadharani, na muziki tunaousikia ni wa Giazotto. Albinoni alifariki 1751, haki zake zimekwisha zamani. Giazotto alifariki 1998. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, ambazo hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, Adajo italindwa hadi mwisho wa 2068. Anayeirekodi kwa ajili ya kuuza akidhani ni ya karne ya 18 anaweza kupokea bili.

Kwa hiyo unapoandaa karatasi ya programu kanisani au kwenye tamasha, chukua dakika mbili. Fungua utangulizi wa toleo la nota unalotumia, mara nyingi mhariri ameeleza chanzo. Kama kuna hati ya mtunzi, andika jina bila wasiwasi. Kama kuna nakala tu na wataalamu wanakubaliana, andika jina vilevile. Kama wanabishana, andika kwamba inanasibishwa. Kama ni muziki uliohamishwa kutoka ala nyingine, taja wote wawili. Unapotoa kopi, punguza ukubwa kidogo ili mashine isikate juu wala chini, na kama jina halipo, acha pabaki wazi. Na kwa ile ya D maina, mstari huu unatosha: Tokata na Fuga, BWV 565, J. S. Bach, kwa mujibu wa nakala ya Johannes Ringk.